Nani anauza na nani anatumia vipimo vya ziwa? Hesabu ianzie bichi

Mwulize mvuvi wa Dunga, Kisumu, kama anatumia data ya Ziwa Victoria. Atakujibu ndiyo, hununua bando ya shilingi 20 kila asubuhi. Mwulize mwenye vizimba vya samaki kule Usenge swali hilohilo, naye atasema hapana, mambo hayo ni ya watu wa ofisi. Lakini alfajiri hiyohiyo wa kwanza ametazama wingu lililosimama kusini, akampigia simu mwenzake aliyeko Rusinga, akaacha kutoka. Wa pili ameona samaki wanahema juu ya maji, akazuia chakula mpaka jua lipande. Wote wawili wameamua jambo la pesa kwa kutegemea hali ya ziwa iliyopimwa au kutazamwa na mtu fulani. Hojaji ya kawaida ingewakosa wote wawili: mmoja ingemwandika kuwa mtumiaji wa kitu ambacho hakuulizwa, mwingine ingemwandika kuwa hatumii chochote.

Anayetaka kuzihesabu biashara zinazoishi kwa vipimo vya Ziwa Victoria, yaani zile zinazouza vifaa, zinazochakata takwimu na zinazoamua kwa takwimu hizo, anao mfano mzuri wa kujifunzia. Mwaka 2016 ilichapishwa Marekani ripoti ya uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya NOAA, shirika la serikali la bahari na anga, na mpango wake wa kuangalia bahari, IOOS. Wachunguzi walipata kampuni 410 katika majimbo 36, zenye mapato ya takriban dola bilioni 7 kwa mwaka kutokana na kupima, kuangalia na kutabiri hali ya bahari. Miaka mitano baadaye hesabu ilirudiwa: kampuni zaidi ya 800, mapato takriban dola bilioni 8.

Tazama tarakimu hizo kwa makini. Idadi ya kampuni imekaribia kuongezeka maradufu, lakini pesa zimeongezeka kwa sehemu moja tu kati ya saba. Tunavyosoma sisi, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni orodha iliyopanuka: waliorudi mara ya pili walijua pa kutafuta, wakazikuta kampuni ndogo ambazo huenda zilikuwepo tangu mwanzo. Ikiwa nchi yenye rejista zilizopangwa vizuri inaweza kuikosa nusu ya kampuni zake kwa awamu ya kwanza, Kisumu ijiandae kukosa zaidi ya nusu.

Wamarekani waliwagawa wahusika makundi mawili. Kundi la kwanza ni watoaji wa miundombinu: watengenezaji wa vihisi, maboya, vyombo visivyo na rubani, nyaya na betri. La pili ni wa katikati, wanaochukua takwimu ghafi, wengi wao bila malipo, wakaziongezea thamani na kuziuza kama ramani, utabiri au ushauri. Mtumiaji wa mwisho, kama nahodha au mfugaji, hakuhesabiwa kama sehemu ya sekta. Kwao mgawanyo huo una mantiki, kwa kuwa takwimu ghafi zipo tele na za bure. Maboya ya Argo, mtandao wa kimataifa wa kupima bahari, peke yake ni takriban 4,000 duniani, kila moja likizama hadi mita 2,000 na kupanda kutuma vipimo kila baada ya siku 10. Ziwa letu lina kina cha mita 80 na ushei pale lilipo na kina kirefu zaidi, na Ghuba ya Winam ni maji mafupi mno. Hakuna Argo itakayokuja huku.

Huku tunavyo vipimo vya aina nyingine. Usawa wa maji umeandikwa upande wa Uganda tangu 1896, mojawapo ya kumbukumbu ndefu zaidi za aina hiyo Afrika. KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na samaki, ina kituo Kisumu na hupima ubora wa maji na samaki. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Mwanza kuna rada ya mvua. Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5 hivi zikiwa mbili, kila nukta ya picha ikiwa na upana wa mita 10, na picha zenyewe ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Magugu maji huonekana humo vizuri kabisa, mradi mawingu hayakufunika ghuba. Yakifunika, Sentinel-1 inayotumia rada hupenya mawingu, ingawa kuisoma kunahitaji mtu aliyezoea.

Je, kati ya vipimo hivyo na sufuria ya samaki sokoni Kibuye kuna biashara ngapi?

Rejista haitakupa jibu. Uchunguzi wa biashara ndogo na za kati uliofanywa na KNBS, shirika la takwimu la Kenya, mwaka 2016 ulikadiria biashara milioni 7.41 nchini, na katika hizo ni milioni 1.56 tu zilizokuwa na leseni. Hizo nyingine milioni 5.85 hazikuwa na karatasi. Hata zilizo na karatasi hazitambuliki kwa kazi tunayoitafuta. Kibali cha biashara cha kaunti hutazama aina ya duka, ukubwa na mahali. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha shughuli, ISIC, katika toleo lake la nne, nao unazitawanya biashara hizi kila pembe: kutengeneza vifaa vya kupimia ni 2651, ufugaji wa samaki wa maji baridi ni 0322, uvuvi wa ziwani 0312, usafirishaji wa abiria majini bara 5021, upimaji wa ardhi na maji umo ndani ya 7110 pamoja na wahandisi na wasanifu majengo. Mtabiri wa hali ya hewa yumo ndani ya 7490, kapu moja na mtafsiri wa lugha na dalali wa biashara. Ukichota orodha kwa namba hizo utapata wasanifu majengo wote wa Milimani na utamkosa fundi wa Kamas anayetengeneza ekosaunda, yaani vipima kina, za mashua.

Kwa hiyo hoja yetu ni hii: orodha ijengwe kutokana na maamuzi, si kutokana na majina ya kampuni. Chagua maamuzi machache ambayo watu wa ziwa hufanya na ambayo hugharimu pesa yakikosewa. Kwa kila uamuzi, rudi nyuma hatua kwa hatua: nani aliamua, aliona au aliambiwa nini, na nani, aliyemwambia alikitoa wapi, na ni nani aliyekipima. Kila mnyororo kama huo utakupitisha kwa watu watatu, wanne, na baadhi yao ndio biashara unazozitafuta.

Maamuzi manne yanatosha kuanzia: kutoka au kutotoka na mashua, kulisha au kutolisha samaki wa vizimba, kiasi cha dawa ya kusafishia maji ya bomba, na kimo cha gati au ukuta wa ufukweni.

Tuanze na vizimba, kwa kuwa huko ndiko pesa zinakopotea kwa usiku mmoja. Hesabu ya vizimba iliyochapishwa na watafiti wa KMFRI mwaka 2018 ilipata vizimba 3,696 katika kaunti tano za ziwani, Siaya ikiongoza. Vimeongezeka tangu hapo. Kila kizimba kina adui mmoja wa kimyakimya: oksijeni iliyoyeyuka majini. Ngege (tilapia) hustawi ikiwa miligramu 5 kwa lita au zaidi. Ikishuka chini ya 3 hupunguza kula, na ikikaa chini ya 2 vifo huanza. Kiwango hushuka kabisa kabla ya mapambazuko, kwa kuwa usiku mwani hautoi oksijeni bali huitumia. Hushuka pia ghafla upepo mkali unapoyavuruga maji ya chini yasiyo na hewa na kuyapandisha juu, kama ilivyoaminika kutokea katika vifo vikubwa vya samaki wa vizimba upande wa Kenya mwishoni mwa 2022.

Sasa fuata mnyororo. Mfugaji mkubwa ana mita yake ya oksijeni. Aliinunua kwa muuzaji wa Nairobi aliyeagiza nje, na inasawazishwa na fundi ambaye huenda ni mwalimu wa maabara wa shule ya jirani anayelipwa kwa M-Pesa. Mfugaji wa kati hana mita. Hupimiwa na wakala wa chakula cha samaki anayekuja na pikipiki. Wakala huyo hatozi senti kwa kupima. Anauza mifuko ya chakula, na ushauri wa maji ndio unaomfanya mteja asihamie kwa mshindani. Mfugaji mdogo humtegemea jirani na macho yake.

Wakala wa chakula ndiye mtu wa katikati hasa kwa maana ile ya Marekani: anachukua kipimo, anakigeuza kuwa uamuzi, anauza. Ila bei ya kazi hiyo imefichwa ndani ya bei ya mfuko. Hojaji ikiuliza "mapato yako kutokana na huduma za data ni kiasi gani?" ataandika sifuri, na atakuwa hajadanganya. Uliza hivi badala yake: wiki iliyopita ulipima maji kwa wateja wangapi, ilikuchukua saa ngapi, mafuta ya pikipiki yalikuwa ya shilingi ngapi, na ni wateja wangapi ungewapoteza kama ungeacha kupima? Hapo utapata gharama na makadirio ya thamani, vitu viwili unavyoweza kuvijumlisha kwa tahadhari.

Na usiishie kwenye kuuliza kama wanapima. Uliza wanapimaje, maana huko ndiko soko la kweli la mafundi lilipo. Mfano mmoja unaotosha kumkosesha mtu usingizi: mita za oksijeni husawazishwa kwa hewa iliyojaa unyevu, na mita nyingi za bei nafuu hudhani uko usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 26 yaliyoshiba hewa huwa na takriban miligramu 8.1 za oksijeni kwa lita kule Mombasa. Ziwa letu liko mita 1,130 na ushei juu, kanieneo ya hewa ni kama hektopaskali 885, na maji yaleyale yakishiba yana takriban miligramu 7 tu. Usiporekebisha mwinuko, mita itasoma juu kwa asilimia 15 hivi. Samaki walio kwenye miligramu 3, mpaka wa hatari, mita itawaonyesha kwenye 3.4 na mfugaji atamwaga chakula. Ongeza utando wa mwani unaoota kwenye kihisi kilichoachwa majini. Katika maji ya joto na rutuba kama ya ghuba, wiki moja inatosha kuharibu usomaji, na dawa yake ni kukifuta kwa kitambaa laini na kusawazisha upya. Ongeza pia wanaopima saa sita mchana kwa kina cha mkono, ilhali tatizo liko saa kumi na moja alfajiri kwenye sakafu ya wavu.

Mchunguzi akiuliza mambo matatu tu, yaani kama mwinuko umewekwa kwenye mita, kihisi kilifutwa lini, na kipimo huchukuliwa saa ngapi na kwa kina gani, atajua ni biashara ngapi zinatumia vipimo na ni ngapi zinatumia tarakimu za uongo. Ripoti nyingi za sekta huruka swali hili. Tunaona ni kosa, kwa sababu mahitaji ya huduma ya kusawazisha vifaa huenda yakawa makubwa kuliko mahitaji ya vifaa vipya.

Uamuzi wa kutoka na mashua una mnyororo mfupi zaidi na biashara chache, lakini ndio wenye roho za watu. Dhoruba za ziwa nyingi hutokea usiku wa manane hadi asubuhi: nchi kavu hupoa, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea majini, hukutana juu ya ziwa lenye joto na kusukuma mawingu. Mchana mambo hugeuka, mvua ikahamia Kericho na Nandi. Mvuvi wa omena (dagaa) anayetoka jioni na taa zake anahitaji utabiri wa saa kumi na mbili zijazo, kwa eneo lake, kwa Dholuo au Kiswahili, kabla hajawasha injini. Mradi wa HIGHWAY ulioanza 2017, ukishirikisha Shirika la Hali ya Hewa Duniani na idara za nchi za ziwa, ulifanya kazi kubwa kuufikisha utabiri wa namna hiyo bichi. Makadirio yanayorudiwa kila mahali ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa ziwani kila mwaka. Upana wa makadirio hayo wenyewe unakwambia kuwa hayatokani na rejista ya vifo.

Katika mnyororo huu biashara zimejificha wapi? Redio zinazosoma utabiri na kuuza nafasi za matangazo kando yake. Wenye mashua za abiria Mbita na Luanda Kotieno, wanaopoteza nauli wakibaki na kupoteza zaidi wakipinduka. Wauzaji wa maboya ya kujiokolea. Mafundi wa injini. Na msimamizi wa kundi la WhatsApp la BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa bichi, ambaye si biashara lakini akilala hakuna anayepata ujumbe. Mwandike. Awe kwenye safu yake mwenyewe, asichanganywe na kampuni, lakini awemo.

Mtambo wa maji wa Dunga unaamua kila siku shabu kiasi gani iwekwe, kwa kipimo cha tope na kwa majaribio ya mitungi sita yenye dozi tofauti. Mto Nyando ukileta udongo, au mwani ukichanua, dozi hupanda na bili ya kemikali nayo. Hapa mnunuzi ni mmoja na wauzaji ni wachache. Mahojiano mawili yanatosha.

Gati na kuta ni habari nyingine. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, likaipita rekodi ya 13.41 ya mwaka 1964. Mwaka 2006 lilikuwa zaidi ya mita mbili na nusu chini ya hapo. Waliojenga mabanda, gati na hoteli kwa kutazama maji ya miaka ile walijenga ndani ya ziwa bila kujua. Wapimaji, wahandisi na wataalamu wa tathmini ya mazingira waliosajiliwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, ndio watu wa katikati hapa, na wanatoza pesa zinazoonekana kwenye ankara. Kinachokwenda kombo mara kwa mara ni msingi wa kipimo, yaani mahali sifuri inapoanzia. Sifuri ya Jinja iko takriban mita 1,123 juu ya usawa wa bahari, huku michoro ya Kisumu ikitumia alama za upimaji za Kenya. Anayenakili tarakimu kutoka jedwali moja kwenda mchoro mwingine bila kuunganisha misingi anaweza kukosea kwa urefu wa goti, na goti moja la maji ndani ya jengo si dogo. Waulize: usawa wa ziwa mliotumia mmeutoa wapi, ni wa mwaka gani, na msingi wake ni upi? Majibu yatakuonyesha kama kuna nafasi ya biashara ya kuuza jedwali moja lililosafishwa. Sisi tunadhani ipo.

Ukishapata majina kutoka kwenye minyororo hii, yalinganishe na orodha nyingine: BMU za kaunti tano, vibali vya kaunti, wataalamu wa NEMA, leseni za vyombo vya majini. Hapa kuna hila ambayo watu wa samaki wanaijua kuliko watu wa takwimu za biashara. Ukitaka kujua samaki waliomo bwawani huvui wote. Unavua, unatia alama, unarudisha. Unavua tena, unatazama wangapi wana alama. Orodha mbili za biashara hufanya kazi hiyohiyo. Tuseme orodha ya maamuzi ina majina 60, orodha ya vibali na leseni ina 50, na majina 20 yamo katika zote mbili. Zidisha 60 kwa 50, gawanya kwa 20: unapata 150. Mkononi una majina 90 tofauti, kwa hiyo kama 60 hujawaona bado.

Hesabu hiyo ina mtego. Inadhani orodha mbili hazitegemeani, ilhali kampuni kubwa hujitokeza kote na fundi wa bichi hajitokezi popote. Matokeo yake makadirio huwa ya chini kuliko ukweli. Ichukulie 150 kama sakafu. Na ukitaka kuwafikia walio nje ya orodha zote, anza na watu kumi wa kazi tofauti na bichi tofauti, kila mmoja akutajie watatu anaowanunulia au kuwauzia. Endelea mpaka majina mapya yaishe. Usianze na kumi wa Kisumu mjini, utazunguka mjini milele.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, watu husumbuka bure. Kwa biashara 150, sampuli ya watu 60 ukikubali kosa la asilimia 10 ndiyo jibu la kanuni rahisi ya Yamane. Lakini kwa idadi ndogo hivi, wahoji wote. Gharama kubwa ni nauli ya mashua na siku za makarani, na ukishafika Mfangano hakuna maana ya kuhoji wawili na kuwaacha wanne.

Pesa ndizo zinazoharibu ripoti nyingi. Chukua mfano wa kubuni. Muuzaji anauza mita kwa shilingi 90,000. Mshauri aliyeinunua anawatoza wafugaji jumla ya 240,000 kwa msimu. Wafugaji wanauza samaki wa milioni 6. Atakayejumlisha atatangaza sekta ya shilingi milioni 6.33, na kesho gazeti litaandika hivyo. Ni uongo mara mbili: mita imehesabiwa tena ndani ya ada ya mshauri, na samaki si bidhaa ya vipimo. Njia safi ni kuchukua thamani iliyoongezwa, yaani mauzo ukitoa manunuzi, kwa watoaji na watu wa katikati pekee. Mauzo ya samaki yaandikwe kando kama mapato yanayoegemea vipimo, na safu hizo mbili zisijumlishwe kamwe. Hata mtu akitaka tarakimu kubwa ya hotuba.

Kuhusu mapato yenyewe, usimwulize mtu mauzo ya mwaka. Wachache wanayajua na waliobaki watakuona umetumwa na watoza kodi wa KRA. Uliza mwezi mzuri na mwezi mbaya, mpe viwango achague, na umwachie nafasi ya kukataa bila kukasirika. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi, kiwe mkononi, na maelezo ya jinsi majina yatakavyolindwa chini ya sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data yasomwe kwa lugha anayoielewa. Kisha, wakati wa kuchapisha, kisanduku chochote cha jedwali chenye biashara chini ya tatu kifichwe au kiunganishwe na jirani yake. Katika mji ambao kuna watu wawili tu wanaopima kina cha ziwa kwa malipo, ukichapisha jumla yao kila mmoja atatoa chake na kumjua mwenzake. Vivyo hivyo pale ambapo kampuni moja imeshika karibu pesa zote za kisanduku, hata kama zimo sita.

Neno "data" lenyewe liondolewe kwenye hojaji. Tumeshaona linavyoeleweka. "Vipimo vya ziwa" linafaa kwa Kiswahili. Kwa Dholuo mkabidhi mtu wa bichi atafsiri na mtu mwingine arudishe kwa Kiswahili bila kuona ya kwanza, kisha mlinganishe. Makarani wahojiane wao kwa wao kwanza, halafu na watu watano ambao hawatahesabiwa. Swali ambalo watatu kati ya hao watano wanaomba lirudiwe, liandikwe upya.

Manufaa ya kazi hii yanaonekana mradi unapokwisha. Boya la vipimo haliharibiki siku ya uzinduzi. Huharibika mwaka wa pili: betri imechoka, paneli ya sola imeibwa, kihisi kimeota ukungu na bajeti ya kulitunza haimo popote. Anayeomba pesa za matunzo serikalini huulizwa nani atafaidika, naye hujibu "wavuvi na jamii". Orodha ya biashara 150, ikionyesha kwamba 40 kati yake, tuseme, tayari zinalipa kitu fulani kwa vipimo visivyo sahihi, ingekuwa jibu zito zaidi. Ingeonyesha pia lipi lisidaiwe: utabiri wa dhoruba kwa mvuvi wa omena usiwekewe bei, hata akisema yuko tayari kulipa.

Kalenda ya kazi uwanjani nayo ina lake. Omena kwa kawaida hufungwa kati ya Aprili na Julai upande wa Kenya. Ukienda wakati huo utawakuta watu bichini lakini biashara zimelala, na majibu ya "mwezi uliopita" yatakuwa sifuri tupu. Nenda baada ya kufunguliwa. Pangia mahojiano ya wavuvi siku za mbalamwezi, taa zisipovuta omena na mashua zikiwa zimelala mchangani. Wenye vizimba wafuate asubuhi mapema, wakati wanaamua kulisha au kutolisha, na karani awe na mita yake iliyosawazishwa kwa mwinuko wa Kisumu.